Ulisimama kwa ubeti upi? Jibu kwa msomaji anayesikiliza opera

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa hapa Dodoma. Tuko marafiki sita, tunakutana Jumamosi jioni kila baada ya wiki mbili kusikiliza opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, halafu kila mtu anasema alichokisikia. Mwezi huu ni La traviata ya Verdi, yule mtunzi Mwitaliano. Mimi niliisikiliza mara mbili kwenye simu, ile ya mwimbaji Ileana Cotrubaș na kiongozi wa okestra Carlos Kleiber, na mara ya pili nikalia mwishoni. Zamu yangu ilipofika nikasema 'nzuri sana', basi. Mwenzetu mmoja akasema hiyo si yenyewe, anayejua husikiliza ya Maria Callas tu, ile ya Lisbon. Nimeitafuta. Sauti naiona kavu, na watu wanakohoa nyuma. Kiitaliano sikijui, na muziki sijausomea zaidi ya nota za kwaya. Nifanyeje ili nami niwe na neno la kusema?"

Marahaba, mwanangu. Neno la kusema unalo. Umeliandika mwenyewe halafu ukalipita: "nikalia mwishoni". Mwishoni wapi? Sehemu ya tatu ya La traviata inachukua kama nusu saa. Ulilia Violetta, mgonjwa mwenye kisa, alipokuwa akisoma barua? Alipobaki na nafsi yake akaimba "Addio del passato", wimbo wake wa kuaga? Mpenzi wake Alfredo alipoingia? Au pale mwisho kabisa, anaposema ajabu, maumivu yamekatika, nguvu zinarudi, kisha anaanguka? Kilio cha mahali pamoja si kilio cha pengine. Kila kimoja Verdi amekitengeneza kwa ufundi wake, na ukishatuambia chako ni kipi, mazungumzo yameanza.

Walionifundisha kusikiliza ni akina mama wa Unguja niliowaona ujanani kwenye taarabu wakiinuka kwenda kutunza. Mama hainuki kwa sababu wimbo wote ni mtamu. Amekaa, ametulia, beti mbili zinapita kama hazimhusu. Mara linapita neno moja, limemwingia, hapo ndipo anapoinuka na hela yake mkononi, anatembea taratibu kwa mdundo mpaka mbele ya mwimbaji, na ukumbi mzima unajua amesimama kwa ubeti upi. Wenzake wataulizana kwa nini ubeti ule, na hapo maneno hayataisha mpaka alfajiri. Ninachokuomba uende nacho Jumamosi ndicho hicho. Usiizungumzie opera nzima. Simama kwenye ubeti uliokuinua, utaje mahali, kisha utueleze sauti ilifanya nini hapo.

Kwa wasomaji wengine nieleze kisa kwa ufupi. Violetta ni mwanamke wa starehe mjini Paris, anaumwa kifua kikuu. Kijana Alfredo anampenda kweli, naye anaacha karamu zake zote wakahamie shamba. Baba wa kijana anamfuata kwa siri, anamwomba amwache Alfredo, maana posa ya binti yake inaharibika kwa aibu ya ndugu kuishi na mwanamke kama yeye. Anakubali, anaondoka bila kutoa sababu. Alfredo anamfedhehesha hadharani kwa kumtupia fedha mbele ya watu. Ukweli unakuja kujulikana Violetta yuko kitandani na siku zimekwisha.

Opera hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Venice, tarehe 6 Machi 1853, ilianguka. Verdi alimwandikia rafiki yake kwamba jana usiku Traviata imeshindwa, kosa ni langu au la waimbaji, wakati utaamua. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, ikarudishwa katika mji uleule, ukumbi mwingine, ikiwa imefanyiwa marekebisho, na watu wakaipokea kwa shangwe. Lile swali lake, kosa ni langu au la waimbaji, ndilo swali la kila anayesikiliza rekodi. Kilichokuliza ni nota zilizoandikwa, au ni Cotrubaș alivyoziimba? Kwa rekodi moja huwezi kujua. Kwa rekodi mbili za mahali palepale unaanza kujua.

Kwa hiyo usizunguke na saa mbili nzima za muziki. Chukua dakika tano au sita tu, kuanzia Violetta anapoitoa barua mpaka mwisho wa "Addio del passato". Nitakueleza ninachokisikia hapo, si ili ukirudie mbele ya wenzako, ila uone mtu anavyoweza kukaa mahali padogo kwa muda mrefu.

Maelekezo ya mchezo yanasema barua anaitoa kifuani. Maana yake si barua iliyofika leo. Ameisoma juzi, ameisoma jana, pengine anaijua kwa moyo. Na Verdi hakumpa lahani ya kuiimba. Aliagiza aisome kwa sauti ya chini, isiyo ya kuimba, lakini akifuata mwendo wa muziki. Fikiria kazi hiyo: mwimbaji ambaye jioni nzima amekuwa akipanda na kushuka kwa ufundi wote aliojaliwa, sasa ananyang'anywa wimbo na kuachiwa usemi mtupu. Chini yake fidla zinapiga polepole ile lahani ambayo Alfredo alimwimbia sehemu ya kwanza, walipokuwa ndio kwanza wanafahamiana, akimwambia mapenzi ni mapigo ya moyo wa ulimwengu mzima. Na barua si ya Alfredo, ni ya baba yake. Karatasi inazungumza kwa mkono wa mzee, fidla zinazungumza kwa sauti ya kijana. Mimi huwa nasimama hapo. Sijawahi kupita mahali pale bila kusimama.

Barua inamwambia Alfredo anarudi kumwomba radhi, mzee mwenyewe pia atakuja, ajitunze, anastahili maisha mema zaidi. Anaikunja, anasema maneno mawili: "È tardi!" Muda umeshapita. Okestra inapiga pigo moja kali. Hapo weka sikio lako karibu, maana ndipo waimbaji wanapoachana njia. Yuko anayeyapiga ukelele maneno hayo mawili, yuko anayeyaachia yaanguke kama kitu kizito kilichomponyoka mkononi. Yuko anayeisoma barua kwa machozi tangu mstari wa kwanza, kana kwamba habari imemfikia sasa hivi, na yuko anayeisoma bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayerudia sala. Mimi niko upande wa huyu wa pili, kwa sababu ya ile barua kutoka kifuani. Wewe unaweza kuwa upande wa yule wa kwanza, na ukiwa na sababu yako nitaisikiliza.

Kisha wimbo wenyewe. Anaaga ndoto njema za zamani, anasema waridi za uso wake zimekwisha kufifia. Sikiliza obo inavyomjibu. Obo ni ndugu wa nzumari ya pwani, zote mbili hupulizwa kwa vijiti viwili vya tete vilivyobanana, na ule mlio wake wa puani wengi wetu tunao masikioni tangu utotoni. Wimbo unaanza kwa huzuni, halafu anapofika kwenye dua, anapomwomba Mungu ampokee na amsamehe huyu aliyepotoka, muziki unafunguka, unakuwa wa nuru kwa mistari michache. Ndipo unarudi kwenye yote yamekwisha, "tutto finì". Nota ya mwisho iko juu, na Verdi aliandika iimbwe kwa uzi wa sauti. Uzi! Ndiyo nota ngumu kuliko zote katika dakika hizi sita, ngumu kuliko zile za juu anazomwaga sehemu ya kwanza, kwa sababu nota ya juu ukiikaza inatoka, lakini nota ya juu iliyo nyembamba, isiyokatika na isiyotetereka, inataka pumzi iliyozuiliwa vizuri sana. Wewe unaimba kwaya, jaribu tu kuimba nota yako ya juu kabisa kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale, utanielewa.

Pumzi ndiyo uzi wa kukamata katika sehemu hii nzima. Shangazi yangu aliugua kifua kikuu, mimi nikiwa bado shule. Nilikaa naye jioni nyingi. Alikuwa mzungumzaji, na ugonjwa haukumnyang'anya maneno, ulimnyang'anya mahali pa kuyakatia. Alianza sentensi kama kawaida yake, katikati anasimama, si penye nukta, popote tu hewa ilipomwishia, anavuta, anaendelea kutoka alipoishia. Anatabasamu ili tusione. Miaka mingi baadaye nilipoisikia ile rekodi ya Lisbon, Callas alipofika kwenye "Addio del passato", nilimsikia shangazi. Sikumsikia kwenye kikohozi wala kwenye kwikwi. Nilimsikia kwenye zile pumzi.

Sasa turudi kwenye neno lako "kavu". Hujakosea kulisikia. Rekodi ile ilichukuliwa tarehe 27 Machi 1958, ukumbi wa São Carlos mjini Lisbon, kutoka jukwaani, kwa ajili ya redio. Si kazi ya studio. Sauti ni ya mkondo mmoja, maikrofoni ziko zilipo, watu wanakohoa. Ukitega sikio utamsikia hata yule mtu anayekaa kwenye kishimo mbele ya jukwaa akiwatajia waimbaji maneno kabla hawajayaimba. Kwa hiyo sehemu ya ukavu ni ya mitambo. Lakini sehemu nyingine ni ya Callas mwenyewe, na ameikusudia. Alieleza katika mahojiano kwamba alihangaika miaka kupata sauti ya mgonjwa kwa ajili ya Violetta, sauti iliyochoka, na kwamba koo linatakiwa liwe safi hasa ili liweze kubeba uchovu ule. Alisikitika watu waliposema Callas amechoka, hali uchovu ule ndio aliokuwa akiutafuta. Kwani mtu aliye katika hali ya Violetta atazitoa wapi nota nene za mviringo?

Na ipo sababu ya yeye kupatikana kwenye kanda za namna hii. Studioni aliiimba Traviata mara moja tu, mwaka 1953, mjini Turin, kwa kampuni ya Cetra, na mkataba wake ukamzuia kuirudia opera hiyo kwa kampuni nyingine. Mwaka 1955 kampuni ya EMI walipoirekodi Milan ilibidi wamchukue Antonietta Stella. Kwa hiyo Violetta wake wa miaka iliyofuata, alipokuwa ameuelewa mpaka kwenye mifupa, tunao kutoka majukwaani tu: Milan 1955, Lisbon 1958, London Juni mwaka huohuo. Mwenzako hakukosea kuwapeleka kwa Callas. Alikosea kusema "tu". Neno hilo linafunga mlango, na watu sita waliokutana kusikiliza wameshafunga safari ya kutoka nyumbani, wasifungiwe.

Ukiirudia Lisbon, usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja sehemu ya pili, pale mzee Germont, baba yake Alfredo, ameshamweleza Violetta yote na Violetta ameshajua atakubali. Kuna nota moja, "Ah", anaishika juu peke yake kabla hajashuka kusema "Dite alla giovine", mwambieni binti yule mzuri na msafi. Kwenye karatasi ni nota tu ya kuunganishia. Callas anaishika kwa sauti nyembamba, okestra imenyamaza inamsubiri, na katika ile nota huyu mama anafanya uamuzi. Ikianza bado anaye Alfredo. Ikiisha hanaye. Hakuna neno lililosemwa. Huhitaji kuipenda sauti yake ili uisikie, na mimi nakuruhusu kabisa uendelee kutoipenda. Sikiliza tu ile nota mara tatu.

Cotrubaș wako ni mtu mwingine. Rekodi ile ya Kleiber ilitoka mwaka 1977, kazi ya studio, na okestra ya opera ya Munich inasikika kila uzi wake. Kleiber anaikimbiza pale panapotaka kukimbia, mpaka unahisi karamu za Paris ni homa. Sauti ya Cotrubaș ni nyepesi, ina mtetemo mdogo wa haraka, kama mtu anayejikaza asilie. Callas anakuonyesha mwanamke anayejua anakufa. Cotrubaș ananifanya nitake kumkinga. Kama ulilia kwake, mwanangu, ulilia mahali halali, usimruhusu mtu akudai kilio chako. Kwa anayeanza ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu hapo unaisikia okestra ikizungumza, na kwa Verdi okestra ndiyo inayoujua ukweli ambao wahusika wanaufichana.

Zipo nyingine nyingi, nitazipita haraka. Licia Albanese na kiongozi wa okestra Toscanini, New York, Desemba 1946: mwendo umebanwa, mzee hataki mtu akae kwenye nota kujionyesha, na maneno ya Albanese unayasikia kila silabi. Joan Sutherland, 1962: sauti kubwa, safi, nota za juu za kushangaza, lakini konsonanti zinayeyuka, na mimi katika opera ya barua na maneno mawili kama "È tardi" siwezi kulivumilia hilo kwa muda mrefu. Angela Gheorghiu, London, Desemba 1994, na kiongozi Solti akiwa na umri wa miaka 82: jukwaani tena, lakini kwa mitambo ya kisasa, na usichana wa Violetta huyu unaumiza kwa namna yake. Chagueni mbili. Tatu zikizidi, masikio yanachoka na watu wanaanza kutoa alama kama za mtihani.

Kuhusu Kiitaliano usiogope. Wewe unacho kinywa chake tayari. Irabu zake zinatamkwa wazi kama zetu, a, e, i, o, u, hazimezwi. Mkazo mara nyingi uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Chukua maneno ya wimbo, soma "Addio del passato bei sogni ridenti" kama unavyosoma Kiswahili, utakuwa karibu kuliko wengi wanaosomea miaka. Ila konsonanti ikiandikwa mara mbili, ikalie: "tutto" si "tuto", ulimi unasubiri kidogo kwenye t, na "bella" vivyo hivyo kwenye l. Ndiyo maana Violetta anapoimba "tutto, tutto finì" unasikia kama mlango unafungwa mara mbili. Tafuta tafsiri ya dakika zile sita tu, ni maneno ya ukurasa mmoja, yaandike kwa mkono wako kwenye daftari, mstari wa Kiitaliano na chini yake maana. Kuandika kwa mkono kunapunguza mwendo, na kusikiliza nako kunataka mwendo huo.

Na simu. Barua ile ukiisikiliza kwa spika ya simu, mchana, daladala zinapita, hutaisikia. Utaongeza sauti, halafu lile pigo la okestra litakurusha. Tumia visikizio vya waya, usiku, watu wamelala. Ukisikiliza, kumbuka pia kwamba studioni maikrofoni inamkuza mwenye sauti ndogo akalingana na mwenye sauti kubwa. Ukumbini hakuna maikrofoni, mwimbaji anaivuka okestra nzima kwa kifua chake tu. Kwa hiyo ukubwa wa sauti usiupime kwa rekodi. Pima rangi, pima pumzi, pima maneno.

Mkija kufika kwenye santuri za zamani sana, mzihukumu kwa hali zake. Mpaka mwaka 1925 mwimbaji alisimama mbele ya pembe, hakukuwa na umeme wa kukuza sauti, na upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika nne tu. Tarehe 11 Aprili 1902 Enrico Caruso aliimba nyimbo kumi ndani ya chumba cha hoteli mjini Milan, na mchana ule mmoja ulimpeleka duniani kote. Ukimsikia mtu wa enzi zile anauharakisha mwisho, huenda si yeye, ni nafasi kwenye sahani inayokwisha. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, umeme ulikuwa umeshaingia, lakini sahani ilikuwa na mpaka uleule, na nyimbo ambazo nyumbani watu walikaa nazo usiku kucha zilibidi zikatwe ziingie. Babu zetu walioweka sahani ya Siti kwenye gramafoni walijua kwamba wanachokisikia ni kipande cha usiku.

Nikuambie kosa langu moja, litakusaidia. Zamani niliwahi kusimama mbele ya wanakwaya wangu nikaisifu nota ya juu kabisa inayomalizia "Sempre libera", wimbo wa Violetta mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Nikasema tazameni Verdi alivyomfahamu mwanamke huyu, amempandisha mpaka mahali ambapo lazima avunjike. Nilisema kwa hisia sana. Baadaye nilipata karatasi ya nota, nikaitafuta nota ile, haipo. Verdi hakuiandika, ni waimbaji walioiongeza, ikawa mazoea, na wengi hawaiimbi kabisa. Wiki iliyofuata nikarudi kwa wanakwaya nikawaambia. Tangu siku hiyo, nikitaka kusema "Verdi amefanya", hutazama kwanza. Nisipoweza kutazama husema "Callas amefanya" au "Sutherland amefanya", maana huyo nimemsikia kwa masikio yangu.

Basi Jumamosi zamu yako ikifika, omba simu iunganishwe kwenye spika mahali ulipopachagua. Kabla hujasema kitu, sema dakika. Ukisema, anza na sauti, moyo wako uje nyuma. Mfano: "Anaisoma barua bila kupanda wala kushuka, mpaka penye jina la Alfredo, hapo anapunguza mwendo kidogo, fidla zinamsubiri, mimi hapo ndipo nilipoanza kulia." Mtu akikuuliza kwa nini ulie, unaweza kumjibu au ukakaa kimya, yote mawili ni haki yako. Lakini akisema hakusikia mwendo ukipungua, mrudishie palepale, asikilize tena. Huenda amekosa yeye, huenda umekosa wewe, na kanda ipo mbele yenu. Ndiyo raha ya rekodi kuliko onyesho la jukwaani, ambalo kesho yake kila mtu anabishana na kumbukumbu zake.

Msitumie maneno mliyoyaokota kwa wahakiki. Nimewasikia vijana wakisema sauti ya fulani ni "ya dhahabu", na ukiwauliza dhahabu iko wapi katika wimbo ule hawajui. Wewe una maneno ya kwaya, ni mazuri na ni ya kweli: amevuta pumzi katikati ya neno, amekaza koo, amepeleka sauti kichwani, ameachia mapema, ameingia nyuma ya ala, ameunganisha mistari miwili kwa pumzi moja. Mwimbaji wa sauti ya pili ana faida nyingine ambayo huenda hujaifikiria. Miaka yote unaimba katikati, sikio lako limezoea kusikia juu na chini kwa wakati mmoja. Wenzako watamfuata Violetta. Wewe sikiliza fidla za katikati zinafanya nini chini yake, kisha waambie.

Na kama rekodi haikukuingia, sema hivyo, kwa utaratibu uleule wa mahali na sauti. "Sutherland sikumpata kwenye barua, maneno sikuyasikia" ni neno la mtu aliyesikiliza. "Sutherland hafai" si neno la kumwambia mtu yeyote aliyetoa uhai wake kwenye kazi ile.

Jambo la mwisho. Rekodi nyingi za zamani zinakata ubeti wa pili wa "Addio del passato", kwa hiyo wengi wanadhani wimbo una ubeti mmoja. Mkishamaliza Callas na Cotrubaș, tafuteni ya Renata Scotto na kiongozi Riccardo Muti, ya mwaka 1980, humo zimeimbwa beti zote mbili. Ubeti wa pili una lahani ileile, maneno mengine: raha na uchungu vitakwisha punde, na juu ya kaburi langu hakutakuwa na chozi wala ua. Wapo wanaosema unarefusha bure, kwamba mwanamke asiye na pumzi hawezi kurudia wimbo mzima. Sikilizeni wote sita, halafu uniandikie mmegawanyikaje, na wewe uliponyoosha mkono uliunyoosha upande upi.